Kukiri kosa na kusamehewa na mlalamikaji: maswali tunayoulizwa kila siku kwenye korido za mahakama, Arusha na Moshi

Jumatatu asubuhi, kabla karani hajaita kesi ya kwanza, benchi za nje ya mahakama huwa zimeshajaa watu wenye maswali yale yale. Mama amekuja na chupa ya chai akisubiri karandinga litokalo gereza la Kisongo, akitumaini ataruhusiwa hata kumwona mwanawe kwa mbali. Shemeji ameshika bahasha yenye barua ya msamaha. Bodaboda aliyemgonga mtu anauliza kama akikubali leo atalala nyumbani. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya watu hao. Kama kesi ni nzito, tafuta wakili. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakuruhusu kuomba msaada bure.

Nikikiri kosa, wataniachia?

Hapana. Kukiri maana yake ni kwamba mahakama inakutia hatiani bila kuita shahidi hata mmoja, na linalobaki ni adhabu tu. Mahabusu kuna ushauri unaozunguka siku zote: "Wewe kubali tu, hakimu atakuonea huruma, utalipa faini uende." Nimeona watu waliofuata ushauri huo wakirudi kwenye karandinga lile lile na kifungo cha miaka mkononi. Kabla hujasema "ni kweli", uliza kwanza adhabu ya kosa hilo ni ipi: ya juu kabisa na, kama ipo, ya chini kabisa. Hilo la pili ndilo watu husahau kuuliza.

Nikisema "ni kweli", nini kinafuata?

Hati ya mashtaka inasomwa na kufafanuliwa kwa lugha unayoielewa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, lakini mzee wa Kimaasai kutoka Longido ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani ana haki ya mkalimani, na asione aibu kumdai. Ukishajibu, hakimu anatakiwa kuandika maneno yako kama ulivyoyatamka. Kisha mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio lilivyokuwa: lini, wapi, nani alifanya nini, pamoja na vielelezo kama PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Unaulizwa tena kama maelezo hayo ni sahihi. Ukiyakubali yote ndipo unatiwa hatiani. Utaratibu huu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliuweka wazi mwaka 1973 na unafuatwa mpaka leo.

Hapo katikati ndipo kesi nyingi hugeuka. Kijana anaulizwa, "Ni kweli ulimpiga?" Anajibu, "Ni kweli mheshimiwa, lakini yeye ndiye aliyeanza kunirushia chupa." Huko si kukiri. Neno hilo "lakini" limebeba utetezi, na hakimu anatakiwa kuandika kwamba mshtakiwa amekana, kisha kesi iende kwenye ushahidi. Ni hivyo hivyo kwa mtu anayekubali kuiba simu, halafu maelezo yakisomwa anasema, "Mimi niliiokota." Kwa hiyo kama una "lakini", itamke. Usiimeze eti usimuudhi hakimu.

Baada ya kutiwa hatiani, upande wa Jamhuri unasema kama una rekodi ya makosa ya nyuma, na wewe unapewa nafasi ya shufaa, yaani kuomba kupunguziwa adhabu. Wengi husema maneno manne tu: "Naomba mahakama inionee huruma." Sema zaidi ya hapo. Sema ni kosa lako la kwanza, umekaa rumande muda gani, nani anakutegemea, umefanya nini kumrudishia uliyemkosea.

Punguzo la kukiri ni kiasi gani?

Kwa mwongozo wa utoaji adhabu wa Mahakama ya Tanzania, anayekiri mapema, nafasi ya kwanza anapoulizwa, kwa kawaida hupunguziwa theluthi moja. Tuseme hakimu au jaji amepima uzito wa kosa, yanayolizidisha na yanayolipunguza, akafikia miaka 9. Kwa kukiri tu, 9 inashuka kuwa 6. Kisha muda uliokaa rumande nao unaangaliwa.

Sababu zake ni za wazi. Mashahidi hawasumbuliwi kutoka Ngarenanyuki au Rombo kila kesi inapoahirishwa. Mjane hasimamishwi kizimbani kusimulia upya usiku ule. Pia anayekiri bila kusukumwa anaonyesha majuto. Hata hivyo mahakama inatofautisha majuto na hesabu: aliyekamatwa na mali mkononi mbele ya kijiji kizima, akikiri, hana alichokitoa kikubwa. Bado anastahili kufikiriwa, ila asishangae punguzo likiwa dogo.

Nikikana kwanza, halafu nikabadili mawazo?

Unaruhusiwa kubadili jibu kabla ya hukumu. Lakini mashahidi watano wakishatoa ushahidi ndipo ukasimama kusema "nakiri", umeokoa kidogo sana, na punguzo litaakisi hilo.

Kuna makosa ambayo kukiri hakusaidii kabisa?

Yapo, na hapa naomba usome polepole. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Kubaka, vivyo hivyo, na kama aliyebakwa ni mtoto wa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Bunge likishaweka sakafu, hakimu hawezi kuchimba chini yake hata kama umelia, umekiri na umesamehewa na ukoo mzima. Anayekiri unyang'anyi wa silaha asubuhi anaweza kufungwa miaka 30 kabla ya saa sita mchana. Kijana aliyemtishia mtu kwa kisu pale soko la Kilombero akachukua simu ya laki moja, mara nyingi hajui kwamba kisu kile ndicho kilichoigeuza simu ya laki moja kuwa miaka thelathini.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo aliye chini ya miaka 18. Kama mwanao ametajiwa umri usio wake kwenye hati ya mashtaka, peleka cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku hiyo hiyo.

Na kwenye kesi ya mauaji?

Kwanza, ukifikishwa kwa hakimu kwa shtaka la mauaji hutakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kosa hilo. Utajibu Mahakama Kuu, pengine baada ya muda mrefu gerezani, Kisongo au Karanga ya Moshi. Kwa hiyo "nafasi ya kwanza ya kukiri" kwako ni siku unasomewa shtaka mbele ya jaji, na miaka uliyosubiri kabla ya hapo isihesabiwe kuwa umechelewa.

Adhabu ya kuua kwa kukusudia ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Haina ngazi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapa hapa Arusha, ilisema katika hukumu ya tarehe 28 Novemba 2019 kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyompa jaji nafasi ya kupima mazingira ya mshtakiwa, inavunja haki ya uhai. Hata hivyo jaji wa nchi anaifuata sheria kama ilivyoandikwa, na ndiyo maana mahakama huwa nzito kupokea kukiri kwa mauaji. Kwa kawaida huandika kwamba mshtakiwa amekana ili ushahidi usikilizwe.

Kuua bila kukusudia ni ulimwengu mwingine. Adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, na ya chini haikuwekwa. Mwongozo unagawa makosa haya katika ngazi tatu: nzito, kuanzia miaka 10 hadi maisha, ya kati, miaka 4 hadi 10, na nyepesi, kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Ndani ya uwanja mpana namna hiyo, kukiri na msamaha wa wafiwa vinapata uzito wa kweli. Ndugu wawili waliogombana kilabuni kwa chupa ya mbege, mmoja akasukumwa akaangukia jiwe, hawafanani na mtu aliyerudi nyumbani kuchukua shoka. Jaji anaangalia silaha, sehemu ya mwili iliyopigwa, nguvu iliyotumika, na mshtakiwa alifanya nini baada ya tukio: alikimbia, au alimbeba majeruhi kumpeleka hospitali?

Kesi nyingi za namna hii huanza kama mauaji. Wakili wa utetezi huzungumza na upande wa Jamhuri, nao ukiridhika kwamba ushahidi hauonyeshi nia ya kuua, hubadili shtaka, na mshtakiwa anakiri lile dogo. Uamuzi wa kubadili shtaka ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Jaji hauuzi, na familia haiununui.

Mlalamikaji amenisamehe. Kesi si imekufa?

Angalia juu ya hati ya mashtaka. Imeandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani, na jina la mlalamikaji halipo hapo. Ukimvunja mtu mkono, umemkosea yeye na umeikosea nchi. Yeye anaweza kukusamehe deni lake, lakini la nchi si mali yake.

Watu huumia sana wakisikia hivyo, na ninawaelewa. Kwa Wachaga, aliyekosa akija na jani la isale, anayeombwa msamaha hana pa kulikwepa. Niliwahi kukaa benchi moja Moshi na mtu wa Marangu aliyekatwa panga na kaka yake kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Kovu lilikuwa bado jekundu, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Alikuwa amelifunga lile jani alilopewa na kaka yake kwenye leso, anataka kumwonyesha hakimu. Kaka alikuwa amekiri siku ya kwanza. Hakimu akamuuliza majeruhi kama kuna mtu aliyemlazimisha kuja. Akasema, "Hapana mheshimiwa. Mama yetu ana miaka themanini, na sisi ndio tuko wawili tu wa kumchotea maji."

Hakimu aliandika neno kwa neno. Hakusema kesi imekwisha. Kudhuru vibaya ni kosa la kifungo cha hadi miaka 7, na alilisema hilo kwa sauti. Kisha akaeleza kwamba mshtakiwa amekiri mapema, ni kosa lake la kwanza, amelipa gharama za matibabu, na aliyeumizwa mwenyewe anaomba ndugu yake asifungwe. Akamwachia kwa masharti ya kutotenda kosa kwa miezi 12, na fidia juu yake. Msamaha ule haukuiua kesi, ila ulibadilisha mwisho wake, na kwa familia ile tofauti hiyo ilikuwa kila kitu. Wakili yeyote atakwambia kwamba hakimu mwingine, kwa kovu lile lile, angeweza kumfunga na asiwe amekosea sheria.

Mlalamikaji anaweza kufuta kesi?

Mahakama ya mwanzo, mlalamikaji anaweza kuomba kuondoa lalamiko lake, kwa idhini ya mahakama. Kwenye mahakama za juu yake, mwenye uwezo wa kuondoa shtaka ni upande wa Jamhuri. Mlalamikaji anaweza kwenda kueleza msimamo wake, na mara nyingi anasikilizwa, lakini haamui yeye. Kumbuka pia kwamba shtaka lililoondolewa kabla utetezi haujaanza linaweza kufunguliwa upya.

Ni makosa gani mahakama yenyewe inaruhusu tupatane?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo makubwa wala yasiyo na mazingira ya kuyazidisha uzito, kama inaona maslahi ya umma hayadai adhabu. Majirani waliorushiana makofi Unga Ltd. kwa sababu ya maji ya bomba, ndugu waliotukanana msibani. Mnakubaliana fidia au masharti mengine, mahakama inayaridhia, na shauri linasimamishwa. Ombeni mapema, hakimu hawezi kuhimiza suluhu asiyojua kwamba mnaitaka.

Tumeshamaliza kwa laigwanani, ng'ombe wamelipwa. Bado tunaitwa polisi?

Ndiyo, bado. Suluhu ya laigwanani, yaani kiongozi wa jadi wa Wamaasai, ya mshili, kiongozi wa ukoo kwa Wameru, au ya wazee wa ukoo, ina heshima yake na ina kazi ambayo mahakama haiwezi kuifanya: inazuia kisasi. Jaji akipima adhabu ya kuua bila kukusudia huangalia kama familia zimepatana na zinaweza kuishi kijiji kimoja tena. Kwa hiyo ng'ombe wale hawakupotea bure. Waombeni wazee waje kulieleza hilo mahakamani.

Lakini kuna mstari hapa, na kuuvuka ni jinai. Kupokea fedha au mifugo kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa au kuzuia lisishtakiwe ni kosa kwa Kanuni ya Adhabu. Fidia ya wazi inayojulikana mahakamani ni halali. Ile ya "chukua hii, shahidi asionekane" inaweza kuwapeleka kizimbani mliotoa na mliopokea. Naye shahidi atakayesimama kusema uongo chini ya kiapo kwa sababu ya msamaha ameongeza kosa lake mwenyewe juu ya lile la kwanza. Anayetaka kusamehe aseme ukweli wote, kisha aseme amesamehe. Hayo mawili hayagombani.

Baba wa binti aliyebakwa amesamehe na wamekubaliana mahari. Itasaidia?

Haitasaidia, na haipaswi kusaidia. Aliyetendewa ni binti. Baba hana msamaha wa kutoa kwa mwili usio wake, na kumwoza aliyemharibu ni kumwadhibu mtoto badala ya mkosaji. Sheria imeweka miaka 30, na hakuna ng'ombe, barua wala kikao cha familia kinachoipunguza. Nikisikia mazungumzo hayo kwenye benchi huwa nainuka na kwenda kumtafuta mama wa binti, au shangazi, au yeyote aliye upande wa mtoto. Ukiyasikia mtaani kwako, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi.

Barua ya msamaha iandikweje?

Iwe fupi na ya kweli: namba ya kesi, jina lako, uhusiano wako na mshtakiwa au marehemu, kilichotokea kwa sentensi mbili, kwamba umesamehe bila kulazimishwa, na kama umelipwa chochote, kiasi gani na kwa ajili ya nini. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji akigonga muhuri ni vizuri. Nakala moja kwa wakili wa Serikali, nyingine kwa wakili wa mshtakiwa. Bora zaidi, njoo mwenyewe. Barua isiyo na mtu nyuma yake hakimu huitilia shaka, kwa sababu ameshaona nyingi zilizoandikwa na mshtakiwa kwa mkono wa binamu yake. Na kama masharti ya dhamana yanakukataza kumsogelea mlalamikaji, usiende kwake kuomba msamaha. Mtume mzee wa familia au wakili.

Makubaliano ya kukiri kosa na DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, ni nini?

Ni utaratibu ulioingizwa kwenye sheria mwaka 2019. Mshtakiwa na mwendesha mashtaka wanazungumza: anakiri shtaka fulani, mengine yanaondolewa au yanapunguzwa, pengine na fidia au kurudisha mali. Makubaliano huandikwa. Mahakama haishiriki kwenye mazungumzo, ila kabla ya kuyapokea inajiridhisha kwamba hukutishwa na umeelewa unachokiacha. Aliyetendewa kosa naye anatakiwa kupewa nafasi ya kusikilizwa pale inapowezekana. Uhaini, ugaidi na makosa ya kingono dhidi ya walio chini ya miaka 18 hayaingii humu.

Mtu akikiri kosa kubwa mno, inamsaidia hata kidogo?

Jibu la swali hili liliwahi kutolewa katikati ya mji wetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, na wengi wetu tulipita pale tukienda sokoni bila kujua ndani kunasemwa nini. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alikiri mashtaka yote sita Mei 1998. Tarehe 4 Septemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha maisha. Majaji walikubali kwamba kukiri kunapunguza, kisha wakasema uzito wa alichofanya na wadhifa aliokuwa nao vinazidi punguzo hilo. Omar Serushago, kiongozi wa wanamgambo wa Interahamwe huko Gisenyi aliyejisalimisha mwenyewe, alikiri akapata miaka 15 mwaka 1999. Georges Ruggiu, mtangazaji Mbelgiji wa RTLM, redio iliyochochea mauaji hayo, alikiri akapata miaka 12 mwaka 2000. Wote watatu walikiri. Aliyekuwa na mamlaka makubwa kuliko wote hakupata nafuu yoyote.

Naweza kukata rufaa kama nilikiri?

Kwa kawaida anayekiri anaweza kukata rufaa dhidi ya adhabu tu: kwamba ni kubwa mno au si halali. Mlango wa kupinga kutiwa hatiani unafungwa siku unaposema "ni kweli", na ndiyo maana nakazania hili kuliko yote. Hata hivyo Mahakama Kuu, katika uamuzi wa mwaka 1983 unaotumika hadi sasa, ilitaja hali zinazoufungua: kukiri kwako kulikuwa na utata au hakukukamilika, ulikiri kwa kukosea au kutoelewa, shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au hata kwa maelezo uliyoyakubali, kosa hilo lisingeweza kuthibitika.

Muda ni mfupi. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya una siku 30. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, toa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Ukiwa gerezani huhitaji mtu wa nje: mwambie mkuu wa gereza kwamba unakata rufaa, naye anatakiwa kuipeleka mahakamani. Mwambie siku ile ile unapofika, kabla hujapewa sare, na umuulize jina la ofisa aliyeandika.